Razi, munganga aliyechunguza mboni ya jicho

Wandugu wachimbaji, wamama wa kampi, vijana wa masomo, mutu tunayesimulia leo alikufa karibu miaka 1100 iliyopita. Hakushuka mu shimo ya Katanga, hakujua kobalti ni nini. Lakini kila mara munganga anawasha tochi kidogo mbele ya jicho la mugonjwa, anaangalia kitu ambacho mutu huyu alikichunguza na kukiandika, kati ya wa kwanza tunaowajua mu dunia. Jina lake ni Abu Bakr Muhammad ibn Zakariya al-Razi. Watu wa Ulaya walimuita Rhazes. Sisi hapa tutasema tu Razi.

Juu ya nini tunamuleta mu ukurasa huu? Juu mboni ya jicho ni chombo cha kazi yetu, sawa na lampi na kaske. Mutu anayetoka ku jua na kushuka mu galeri anategemea mboni yake. Na siku jiwe linamupiga mwenzetu ku kichwa, mboni ile ile inaweza kutuambia kwamba hakuna tena wakati wa kupoteza.

KIJANA WA RAYY

Razi alizaliwa mwaka wa 865 mu muji wa Rayy, mu inchi ya Uajemi. Leo mahali pale pako pembeni ya Teheran, muji mukubwa wa Iran. Jina al-Razi maana yake ni mutu wa Rayy. Wanasimulia kwamba mu ujana wake alipenda muziki na alijua kupiga udi. Kisha akaingia mu kazi ya moto na madini. Wakati ule watu wengi wenye elimu walitafuta namna ya kugeuza madini ya bei ya chini kuwa zahabu. Zahabu haikutoka, lakini Razi aliandika kwa mpango vyombo vyote vya kazi ile: tanuru, vyungu, vyombo vya kuchemsha na kukusanya mvuke. Alipanga pia mawe na chumvi kwa aina zao. Mu orodha yake ya mawe kuko malakiti, lile jiwe la kijani ambalo kila mutoto wa Katanga analijua.

Uganga aliuanza akiwa mutu muzima. Hakuchelewa kupanda: alikuwa mukubwa wa hospitali ya Rayy, na kisha akaongoza hospitali mu Bagdad, muji wa wafalme wa Waislamu wa wakati ule. Wanaosimulia habari zake wanasema alikuwa na kichwa kikubwa, na aliketi mbele, wanafunzi wake wakimuzunguka kwa mistari. Mugonjwa akifika, mustari wa nje ndio unamupokea kwanza. Wakishindwa, anapita ku mustari wa ndani. Wote wakishindwa, Razi mwenyewe ndiye anasema. Wanasema tena kwamba alikuwa mutu wa mukono wazi: masikini aliwatunza, na wengine aliwapa hata feza ya kula.

Kitu kimoja kilimutofautisha na waganga wengi: hakukubali neno kwa sababu tu muzee mumoja wa zamani alilisema. Alitaka kuona. Alikuwa anaandika ugonjwa wa kila mutu, siku kwa siku, namna ulianza na namna uliisha. Mara moja, kwa ugonjwa mukali wa kichwa wenye homa, aligawa wagonjwa makundi mawili. Kundi moja aliwatoa damu, sawa ilivyokuwa desturi ya wakati ule. Lingine hakulitoa, makusudi, apate kulinganisha. Kulinganisha namna ile ndiyo njia waganga wanafuata mpaka leo wakitaka kujua kama dawa inaponya. Siku hizi tunajua kwamba kutoa damu hakuponyi ugonjwa ule, lakini hatungejua bila watu waliokubali kulinganisha.

GALENI NA MBONI

Mwalimu mukubwa wa waganga wote wa wakati ule alikuwa Galeni, munganga wa lugha ya Kigiriki aliyeishi zaidi ya miaka 600 mbele ya Razi. Galeni alikuwa ameona kitu cha kweli: ukifunga jicho moja, mboni ya jicho lingine inapanuka. Lakini namna alivyokieleza haikuwa sawa. Alifikiri kuko pumzi fulani, roho ya kuona, inayotoka ku ubongo na kushuka mu macho kupitia mishipa. Ukifunga jicho moja, pumzi yote inakimbilia lingine na kulijaza, sawa na mupira unaotiwa hewa, na mboni inakuwa kubwa.

Razi alimuheshimu Galeni sana. Lakini aliandika kitabu kizima cha mashaka juu yake, na mu mwanzo wa kitabu kile alionyesha kwamba alijua watu watamulaumu. Kwake, mwalimu anastahili shukrani, lakini ukweli unamupita mwalimu.

Karibu mwaka 903, aliandika kitabu kingine cha uganga, chenye sehemu kumi, akakitoa kwa Mansur, gavana wa Rayy. Mule ndani, akieleza sehemu za jicho, alisema kwamba katikati ya ile duara ya rangi kuko tundu, na tundu ile mara inapanuka, mara inakuwa ndogo, kulingana na mwangaza unaohitajiwa ndani. Mwangaza ukiwa mukali, inajifunga. Giza likiingia, inajifungua. Tundu ile ndiyo mboni. Mu orodha ya vitabu vyake kuko hata kitabu kidogo alichokiandika juu ya neno hili moja tu: sababu gani mboni inakuwa ndogo mu mwangaza na kubwa mu giza.

Kwetu leo neno hili linaonekana jepesi. Lakini tazama alivyofanya. Watu walikuwa wanatafuta sababu ndani ya kichwa, mu pumzi ambayo hakuna aliyeiona. Yeye akauliza mwangaza unafanya nini kwa jicho. Na swali lile, kila mutu anaweza kulipima akiwa na taa na jicho la mwenzake.

NAMNA MBONI INAFANYA KAZI

Sasa tueleze kile ambacho sayansi imejua kisha Razi.

Kwanza, mboni haiko kitu. Ni tundu tu. Inaonekana nyeusi kwa sababu ile ile inafanya mulango wa shimo kuonekana mweusi ukiutazama toka mbali mu jua: hakuna aliyeupaka rangi, ni mwangaza unaingia na haurudi. Duara ya rangi inayoizunguka, iwe nyeusi ao kahawia, ndiyo yenye kufanya kazi. Ndani yake kuko misuli ya aina mbili. Mumoja umezunguka tundu sawa na kamba ya kufunga mufuko. Ukivuta, mboni inakuwa ndogo. Mingine inatoka pembeni kuelekea katikati, sawa na miti ya gurudumu la kinga. Ikivuta, mboni inafunguka.

Nani anatoa amri? Mwangaza ukiingia, unapiga ukuta wa nyuma wa jicho. Ukuta ule unapeleka habari kwa musipa mpaka chini ya ubongo, pale inapogeuka na kurudi kwa musipa mwingine mpaka ku musuli wa kufunga. Yote inapita mbele ya sekunde moja kuisha, na hauulizwi ruhusa. Huwezi kuamua kufunga mboni sawa unavyofunga mukono. Mwaka wa 1751, munganga mumoja wa Scotland, Robert Whytt, aliandika juu ya mwendo huu usiongojea mapenzi ya mutu, na akaonyesha kwamba ubongo ukiharibika mahali fulani, mboni haisikii tena mwangaza.

Habari inapofika ku ubongo, amri inarudi kwa macho yote mawili. Ndiyo maana ukimulika jicho la kuume, mboni ya kushoto inakuwa ndogo pia. Hapa tunaelewa kile Galeni alikiona. Ukifunga jicho moja, mwangaza unaofika ku ubongo unapungua, na amri ya kufungua inapita ku jicho lingine. Hakuna pumzi inayokimbia. Jaribuni ku nyumba mbele ya kioo, watoto watafurahi.

Mu jua kali, mboni ya kijana inafika karibu milimetri 2. Mu giza inafika 7 ao 8. Ukipiga hesabu, toka 2 mpaka 8 tundu inapitisha mwangaza mara 16. Ni nyingi, lakini haitoshi. Tofauti kati ya jua la saa sita na galeri bila taa ni kubwa kupita pale kabisa. Kazi inayobaki inafanywa na ukuta wa nyuma wa jicho, na wenyewe hauna mbio. Mboni inafunguka mu sekunde chache, lakini ukuta ule unaomba dakika 20 mpaka 30 kwa kuzoea giza vizuri.

Kwa hiyo, wandugu, kile tunachosema kila mara mu mikutano ya usalama hakiko woga wa wazee. Mutu anayetoka ku jua na kuingia chini, dakika za kwanza haoni vizuri, hata kama anajisikia muzima. Mashimo, nyaya, magari, mawe yanayoning'inia: vyote viko pale mbele jicho lake halijawa tayari. Kapita anayesukuma ekipe kukimbia toka mulangoni anawatuma watu kufanya kazi na nusu ya macho.

Tena, usimumulike mwenzako mu uso na lampi ya kaske. Mboni zake zinajifunga mbio, zinachelewa kufunguka, na ukuta wa nyuma unapoteza mazoezi uliyokuwa umepata. Kwa wakati ule amekuwa kipofu mahali pa hatari. Inamisha kichwa, taa ielekee chini, kisha sema naye.

Tena, mboni inazeeka. Mutu wa miaka 55 mu giza haifungui sawa na kijana wa miaka 20. Muzee akiomba lampi yenye nguvu zaidi, haiko kiburi na haiko uvivu. Jicho lake linapokea mwangaza kidogo kuliko lile la mutoto wake anayetumika pembeni yake. Hii ni haki ya kuomba mbele ya wakubwa, na delege anaweza kuisema bila haya.

Neno moja kwa wenye kulehemu vyuma, wale tunaowaita basuderi. Usifikiri kwamba mboni itakulinda juu inajifunga. Inapunguza mwangaza unaoingia ndani, lakini moto ule uko na miali isiyoonekana, nayo inaunguza ngozi ya mbele ya jicho, pale mboni haina nguvu yoyote. Kioo cheusi cha kazi ndicho kinakulinda.

KITABU CHA ASIYE NA MUNGANGA

Kati ya vitabu vya Razi, kuko kimoja alichoandika kwa ajili ya mutu ambaye munganga hayuko karibu naye: masikini, musafiri, mutu wa kawaida. Alieleza magonjwa na dawa zinazopatikana mu jiko na sokoni. Waganga wengi wa wakati ule walikuwa wanafuata wafalme na matajiri. Yeye pia alikula na wafalme, lakini alikumbuka nani anaachwa nje ya mulango.

Kwa kufuata njia ya kitabu kile, tuseme kile kila ekipe inapaswa kujua.

Mutu akipigwa ku kichwa, ao akianguka toka juu, angalia mboni zake zote mbili. Mufunike macho kidogo kwa mukono, kisha leta taa ndogo toka pembeni, usiitoe mbele moja kwa moja. Mboni inapaswa kujifunga mbio. Pima na jicho la pili. Kama zote ziko sawa na zote zinajifunga, ni vizuri. Kama moja imekuwa kubwa kuliko nyingine na haisikii taa, ao inasikia polepole, ni hatari kubwa. Mara nyingi maana yake damu ao uvimbe ndani ya kichwa unasukuma ubongo, na ubongo unabana ule musipa unaobeba amri ya kufunga. Mutu yule haombi kupumzika ku kivuli. Anaomba hospitali yenye kupasua, na anaiomba sasa hivi.

Kuko maneno mawili ya kuongeza. Watu wengine wamezaliwa na mboni zenye tofauti kidogo. Kwao zote mbili zinajifunga vizuri, na jamaa wanajua. Lakini mboni nzuri peke yake haitoshi kusema mutu ni muzima. Akitapika, akilala lala, kichwa kikizidi kuuma, akianza kusema maneno yasiyofuatana, mupelekeni hata kama mboni ziko sawa. Mboni ikiharibika ni alama inayokuja kwa kuchelewa, tusiingojee. Na kama aliyepigwa amelala bila kusikia, usimugeuze shingo ovyo.

Ku dispanseri ya macho, munganga anaweza kukutia dawa ya matone inayofungua mboni, apate kuchungulia ndani. Kwa masaa kazaa mwangaza utakuchoma na vitu vya karibu hutaviona vizuri. Siku ile usishuke chini na usiendeshe gari. Omba karatasi ya munganga na uipeleke ku kazi.

MACHO YA RAZI MWENYEWE

Sasa turudi kwa Razi, juu mwisho wake unauma. Mutu huyu aliyechunguza mboni za wengine alipoteza macho yake.

Kazi ndiyo ilianza kuyachosha. Mu kitabu alichoandika kwa kujitetea, wakati watu walimusema vibaya kwamba haishi sawa na mwenye hekima, alihesabu kazi zake. Mu mwaka mumoja aliandika zaidi ya kurasa 20.000, kwa maandishi madogo madogo. Alipitisha miaka 15 juu ya kitabu chake kikubwa cha uganga, usiku na muchana, mpaka nguvu ya macho ikapungua na misuli ya mukono ikalegea. Lakini hakuacha. Alitafuta watu wa kumusomea na kumuandikia.

Kisha kataraki ikaingia, ugonjwa ule wengine wanaita mutoto wa jicho. Nyuma ya mboni kuko lenzi, kioo safi cha kukusanya mwangaza. Razi mwenyewe, sawa na Galeni, aliamini kwamba lenzi ndiyo inaona. Ni kisha miaka mingi watu walijua kwamba picha inapokelewa na ukuta wa nyuma. Mu kataraki, lenzi inachafuka polepole sawa na kioo cha dirisha kinachojaa moshi. Mboni inaendelea kufanya kazi yake, inafunguka na kujifunga, lakini mwangaza haupiti tena vizuri. Leo waganga wanatoa lenzi ile mbaya na kuweka mupya, na mutu anaona tena. Wakati wa Razi walikuwa wanaingiza sindano na kuisukuma lenzi pembeni.

Wanasimulia kwamba mutu wa kazi ile alikuja kumutibu. Razi akamuuliza jicho liko na ngozi ngapi, mutu yule hakujua, na Razi akakataa mukono wake. Wengine wanasimulia kwamba alikataa kwa sababu alikuwa ameona dunia vya kutosha na alichoka nayo. Ile ya kwanza inafanana zaidi na maisha yake: hakumuamini mutu asiyejua kile anachogusa.

Alikufa mu Rayy, muji wake, mwaka wa 925. Kitabu chake kikubwa kilikuwa bado karatasi za huku na huku. Waziri mumoja, Ibn al-Amid, alizinunua kwa dada ya Razi, na wanafunzi wakazikusanya. Mwaka wa 1279, Muyahudi mumoja wa Sicilia, Faraj ben Salim, alimaliza kukitafsiri mu Kilatini kwa amri ya mufalme Charles wa Anjou, ndugu ya mufalme Louis wa 9 wa Ufaransa. Mwaka wa 1486 kilichapwa mu Brescia, Italia. Kitabu cha Mansur, chenye habari ya mboni, kilikuwa kimeshatafsiriwa mbele yake, na waganga wa Ulaya walikisoma kwa miaka na miaka.

Karne moja kisha kifo chake, mwenye elimu mukubwa al-Biruni alihesabu maandishi ya Razi akapata 184. Mengi yamepotea. Lakini kile kidogo juu ya tundu inayojifunga na kufunguka hakikupotea, juu kila mutu anaweza kukihakikisha mwenyewe.

Wiki hii, mbele ya kushuka, ulizeni ku ekipe yenu: nani anajua kuangalia mboni? Kuko taa ndogo pembeni ya brankari? Gari la kupeleka mugonjwa liko karibu, usiku na muchana? Kama majibu ni hapana, pelekeni neno kwa delege wenu, na delege alipeleke kwa maandishi.